Ulimi wa Kuazima

Hakuna mtazamaji aliyewahi kuonja chakula cha shindano la upishi kwenye televisheni. Ameona mafuta yakichemka, amesikia kisu kikigonga ubao, ameona mvuke ukipanda kifuniko kinapofunuliwa, lakini ladha yenyewe haimfikii. Mashindano mengine hayako hivyo. Anayeimba vibaya tunamsikia kwa masikio yetu, na anayekosea hatua za dansi tunamwona. Jaji akimpendelea mtu tunabisha papo hapo, maana ushahidi tunao. Kwenye upishi tunabaki na uso wa mtu anayetafuna, na maneno yatakayomtoka akishameza.

Ndiyo maana kila shindano jipya la upishi linapoanza, maneno ya watazamaji humwangukia mtangazaji na majaji kabla hayajafika kwenye sufuria. Kavaa nini, anacheka mno, anajifanya anajua, yule wa zamani alikuwa bora. Wapo wanaoyapuuza maneno haya na kuyaita umbea wa sebuleni. Mimi nayachukulia kwa uzito. Mtazamaji ameazima ulimi wa mtu yule kwa saa nzima, kila wiki, na ana haki ya kuuliza ulimi huo umelelewa wapi.

Ila malalamiko hayalingani. Kuna lalamiko la mazoea, la mtu aliyezoea sura fulani na sasa anaona sura nyingine mahali pake. Na kuna lalamiko la ujuzi, la mtu anayekijua chakula kile tangu utotoni na amemsikia jaji akikizungumzia kama mgeni asiyebisha hodi. Watayarishaji wa televisheni huyaweka yote mawili kapu moja. La kwanza likipoa baada ya wiki chache, wanadhani na la pili litapoa vivyo hivyo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Uingereza. Shindano la kuoka la The Great British Bake Off lilianza BBC Two mwezi Agosti 2010: hema jeupe kwenye bustani ya mashambani, waokaji wa nyumbani wasiofanya kazi hiyo kwa mshahara, keki, mikate na vitafunio vya unga. Mshindi hapewi fedha. Anapewa kinara cha kioo cha kuwekea keki pamoja na maua, anarudi kwao. Majaji walikuwa Mary Berry, mwandishi wa vitabu vya upishi aliyekuwa akifundisha Waingereza kuoka tangu miaka ya 1960, na Paul Hollywood, mwoka mikate aliyezaliwa katika familia ya waoka mikate. Watangazaji walikuwa Mel Giedroyc na Sue Perkins, wachekeshaji wawili ambao hawakutoa alama hata moja.

Watu wengi hawakuelewa kazi ya hao wawili mpaka walipoondoka. Perkins aliwahi kueleza kwamba mshiriki alipoanza kulia, yeye na mwenzake walimfuata na kumfunika kwa makoti yao, au walitukana makusudi mbele ya kamera, kwa kuwa walijua picha zenye matusi haziwezi kurushwa hewani. Mtu amefanya unga usiku na mchana, keki imebonyea katikati, machozi yanamtoka, na kamera imeshamsogelea. Mtangazaji anachagua kuiharibu picha hiyo ili heshima ya yule mtu ibaki. Kwangu mimi huo ndio utangazaji wa kiwango cha juu kabisa, na haukuonekana kwa sababu ulikusudiwa usionekane. Mtazamaji alichokipata nyumbani ni hali ya utulivu tu: aliona kwamba hapa hakuna anayedhalilishwa, akatulia kitini.

Watazamaji walijibu wema huo kwa kulichukulia shindano kama mali yao. Mwaka 2014 mshiriki mmoja aliona barafu ya maziwa ya kitinda mlo chake imeyeyuka baada ya mwenzake kuitoa kwenye friza, akakasirika, akaitupa yote kwenye pipa la taka na kwenda mbele ya majaji na pipa hilo. Malalamiko rasmi ya watazamaji yalizidi 800. Mia nane, kwa ajili ya barafu! Wengi walimlaumu mshiriki aliyeitoa, wengine waliulaumu uhariri wa kipindi, na Perkins mwenyewe alijitokeza kumtetea aliyelaumiwa. Mtu hawezi kuandika lalamiko rasmi kuhusu kitu asichokipenda.

Mwaka 2016 kampuni inayokitengeneza kipindi hicho, Love Productions, ilikihamishia kituo cha Channel 4. Kiasi kilichotajwa magazetini kilikuwa pauni milioni 75 kwa miaka mitatu. Giedroyc na Perkins walisema hawaendi. Mary Berry naye akabaki na BBC. Hollywood peke yake ndiye aliyehama, na kwa wiki kadhaa hakuna mwoka mikate aliyesemwa vibaya Uingereza kuliko yeye. Fainali ya mwisho ya BBC, mwezi Oktoba mwaka huo, ilitazamwa na watu takriban milioni 14 usiku ule. Watazamaji walitangaza msiba. Walisema uroho wa fedha umekula keki, na kwamba hema bila Mel na Sue ni turubai tu.

Walioletwa Agosti 2017 ni Noel Fielding, mchekeshaji wa mavazi ya ajabu ambaye hakuna aliyemhusisha na unga. Sandi Toksvig, mzaliwa wa Denmark mwenye umbo dogo na akili kali. Na kwenye kiti cha Mary Berry akakaa Prue Leith. Huyu Leith alizaliwa Cape Town mwaka 1940, akafungua mgahawa wake London mwaka 1969 ukapata nyota ya Michelin, heshima kubwa kwa mgahawa, kisha akaanzisha shule ya upishi mwaka 1975. Kipindi cha kwanza kilipata watazamaji milioni 6 na ushei, wakati ufunguzi wa mwaka uliotangulia kule BBC ulipata zaidi ya milioni 10. Walioondoka walikuwa wengi. Lakini kwa Channel 4 ile ilikuwa hadhira kubwa kuliko zote tangu ufunguzi wa michezo ya Paralimpiki ya 2012, na waliobaki walibaki kweli. Baada ya wiki chache maneno yalibadilika: Fielding aliyeogopwa akawa kipenzi cha watu, hasa kwa jinsi alivyokuwa akikaa sakafuni karibu na meza ya mwokaji aliyekata tamaa na kuzungumza naye kwa sauti ya chini.

Hapa ndipo naomba msomaji atazame kwa makini. Katika kelele zote za 2017, hakuna aliyesema Prue Leith hajui chakula. Walisema si Mary. Walisema miwani yake ina rangi nyingi. Hilo ni lalamiko la mazoea, na mazoea hujengeka upya. Kiti kilikuwa cha mwanamke anayejua anachoonja, kikakaliwa na mwanamke mwingine anayejua anachoonja. Ulimi ulibaki ulimi, hata kama uso ulikuwa mgeni.

Sasa twende mwaka 2022, kipindi kilekile, Fielding yuleyule ambaye sasa watu wanampenda, akiwa na Matt Lucas, aliyechukua nafasi ya Toksvig mwaka 2020. Wiki hiyo waliiita ya Mexico. Watangazaji wakaingia wamevaa kofia pana za sombrero na shuka za mistari begani, wakaanza mzaha kuhusu jina la Juan. Washiriki waliambiwa watengeneze taco, chapati nyembamba ya Kimexico inayokunjwa ikiwa na vitu ndani, katika shindano la kuoka. Mmoja alimenya parachichi kama anavyomenya kiazi. Jina la guacamole, parachichi la kupondwa, nalo lilitamkwa kwa namna ambayo sijui hata niiandikeje. Na katikati ya yote hayo Hollywood alisimama kutoa hukumu kuhusu taco, chakula ambacho mama muuzaji wa barabarani katika jiji la Mexico angeweza kumfundisha kwa dakika kumi.

Malalamiko ya safari hii hayakutoka kwa wale waliokuwa wakiililia BBC. Yalitoka kwa Wamexico, na kwa watu wa Marekani waliokulia kwenye jiko la Kimexico. Hawakuwa na neno na sura za watangazaji. Walikuwa wakiuliza: mnahukumu kitu gani hapo? Na lalamiko hilo halikupoa. Mwaka uliofuata mtayarishaji mkuu alikiri kwamba mzaha ule uliwaangukia vibaya, na akatangaza kwamba wiki za mataifa zimeondolewa. Kupendwa kwa mtangazaji kulimsaidia mwaka 2017, hakukumsaidia 2022. Nani amewahi kuokolewa na tabasamu mbele ya mtu anayekijua chakula cha kwao?

Hata hivyo kisa hicho ni kidogo kikilinganishwa na cha rendang.

Ilikuwa mwanzoni mwa Aprili 2018, katika MasterChef ya Uingereza, shindano jingine lenye majaji wawili waliokuwa na majina makubwa wakati huo, John Torode na Gregg Wallace. Mshiriki mmoja, mwanamke mzaliwa wa Malaysia, alipika nasi lemak, wali wa nazi wa kwao, na pembeni akaweka rendang ya kuku. Rendang ni nyama inayopikwa polepole kwenye tui la nazi na viungo vilivyosagwa, mpaka tui likauke, mafuta yajitenge, na nyama ilegee na kunywa viungo vyote. Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu tunajua tui zito linavyofanya likiachwa kwenye moto mdogo. Wallace akaonja, akasema ngozi ya kuku haijakauka ikawa ya kutafunika kwa mlio, kwa hiyo hailiki, na mchuzi wote uko kwenye ngozi hiyo. Mshiriki akatolewa.

Ndani ya siku mbili nchi nzima ya Malaysia ilikuwa imesimama. Waziri Mkuu Najib Razak, aliyekuwa katikati ya maandalizi ya uchaguzi mkuu, aliandika mtandaoni akiuliza ni nani anayekula rendang ya kuku iliyo kavu ya kutafunika kwa mlio. Wapinzani wake nao wakasema vilevile. Balozi wa Uingereza mjini Kuala Lumpur alilazimika kusema hadharani kwamba rendang haiwi hivyo kamwe. Torode akazidi kuchochea moto kwa kuandika kwamba huenda rendang ni ya Indonesia, kisha akamalizia kwa salamu ya Kihindi ya namaste. Waindonesia wakaungana na Wamalaysia, na hao ni watu ambao kwa kawaida hugombania asili ya rendang. Wallace alijitetea baadaye kwamba alichokusudia ni kuwa ngozi ilikuwa nyeupe, haikuiva. Majaji wote wawili waliendelea na kazi kwa miaka mingine, na kuondoka kwao mwaka 2025 kulikuwa kwa mambo tofauti kabisa, yasiyohusu chakula.

Kwa nini maneno machache kuhusu ngozi ya kuku yaliwagusa watu milioni 30 kiasi hicho? Wengine walisema ni utaifa wa bei rahisi, tena wakati wa uchaguzi. Sehemu ni kweli, wanasiasa hawakosi harusi yenye watu. Lakini bibi aliyekuwa anatazama kule Johor hakuwa anagombea ubunge. Alichokiona ni mtu akipewa alama ya kufeli kwa kufaulu. Yule mama alipika kama alivyofundishwa, kwa saa zinazotakiwa, kwa viungo vinavyotakiwa, na kosa lake likawa kwamba kuku wake hakufanana na kuku wa kukaanga ambao jaji alikuwa nao kichwani. Mamilioni ya watazamaji wasioijua rendang waliamini, kwa sababu hawakuwa na ulimi mwingine wa kutegemea. Watu waliokasirika ni wale ambao kwa mara hiyo moja walikuwa na ladha ile mdomoni tayari, na wakaugundua uongo.

Afrika tunaujua uchungu huo. Mwaka 2014 Jamie Oliver, mpishi maarufu wa Uingereza, alitoa mapishi yake ya jollof, wali mwekundu wa Afrika Magharibi, ndani yake nyanya ndogo za kwenye vikonyo na pembeni vipande vya limau. Wanigeria na Waghana, ambao hawajawahi kukubaliana jollof ya nani ni bora, siku hiyo walikubaliana. Na kuna kipande cha zamani cha Gordon Ramsay, huyu ambaye vijana wetu wanamwiga kwa kufoka jikoni, akimpikia mpishi wa Kithai aliyeko London tambi za pad thai. Yule mpishi alionja, akamwambia kwa upole kwamba hii si pad thai hata kidogo. Ramsay alibaki akitabasamu kama mwanafunzi. Kipande hicho kimetazamwa tena na tena duniani kote, na nadhani najua sababu. Ni mara chache watazamaji kuuona ulimi mkubwa ukisahihishwa na mwenye chakula chake, tena bila ugomvi.

Nimesikia hoja ya upande wa pili, na ina nguvu. Inasema jaji hawezi kujua mapishi ya dunia nzima, na chakula kizuri kinapaswa kumfurahisha hata asiyekijua. Ulimi wa mgeni una faida yake, kwa sababu hauna mazoea. Nakubali kwamba hakuna anayejua vyote. Lakini mgeni anayefaa ni yule anayeuliza kabla ya kuhukumu. "Kwenu hii huwa hivi?" Maneno manne tu, na Malaysia nzima ingelala usingizi. Kwenye dakika 60 za kipindi chenye muziki wa kutisha na ukimya wa kupikwa kabla ya kutaja jina la anayetoka, sekunde tano za swali zingepatikana.

Marekani walijifunza jambo hili mapema kidogo. Top Chef, shindano la wapishi wa kazi, lilianza kwenye chaneli ya Bravo mwezi Machi 2006 likiwa na mtangazaji Katie Lee Joel, mwanamke kijana mwenye sura nzuri na maneno yaliyopangwa. Watazamaji walimwona mkavu, msomaji wa kadi. Msimu mmoja tu, akaondoka. Nafasi yake ikachukuliwa na Padma Lakshmi, naye mwanamitindo, naye mzuri wa sura, kwa hiyo mtu angedhani wamebadilisha ua kwa ua. Ila Lakshmi, mzaliwa wa India, alikuwa tayari ameandika kitabu cha mapishi, na alipoonja alikuwa na jambo la kusema kuhusu ukwaju, kuhusu pilipili, kuhusu kiungo kilichowekwa mapema mno kikaungua. Alikaa mpaka 2023. Na alipoondoka hawakumtafuta mwigizaji. Walimleta Kristen Kish, aliyeshinda msimu wa 10 wa shindano hilohilo. Alianza 2024, na kila anaposimama mbele ya mshiriki anayetetemeka, mshiriki anajua kwamba huyu naye alitetemeka kwenye meza hiyo. Uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti, walisema wahenga, na watazamaji wa 2006 waliligonga kasha wakasikia sauti yake.

Simaanishi kwamba kila mtangazaji lazima awe mpishi. Takeshi Kaga, aliyeongoza Iron Chef ya Japani tangu 1993, alikuwa mwigizaji wa jukwaani aliyevaa majoho ya kifahari na kung'ata pilipili hoho ya njano mwanzoni mwa kipindi. Watu walimpenda, kwa kuwa hakudai kuwa ulimi wao. Kazi yake ilikuwa shangwe, ladha akawaachia wengine. Matatizo huanza pale mshereheshaji anapopewa kijiko na kuambiwa atoe hukumu kwa sababu ana jina.

Wakorea, katika Culinary Class Wars iliyoingia Netflix Septemba 2024, walifika mbali zaidi. Walikusanya wapishi 100, 20 wakiwa wenye majina na 80 wasiojulikana, wakawapambanisha. Katika mzunguko mmoja majaji Paik Jong-won na Anh Sung-jae walifungwa vitambaa machoni na kulishwa kijiko kwa kijiko, wasijue chakula ni cha nani wala kinafananaje. Watu wazima wawili wanafungua midomo kama watoto wanaolishwa uji, huku nchi nzima ikisubiri. Kuna aliyecheka, lakini kwangu ni picha ya haki kuliko zote nilizoziona kwenye aina hii ya vipindi, kwa sababu iliwaweka majaji mahali pa mtazamaji kinyume chake: sisi tunaona hatuonji, wao wanaonja hawaoni. Na Anh, ambaye mgahawa wake wa Seoul ulikuwa na nyota tatu za Michelin, hakutosheka kusema kitamu au si kitamu. Alieleza: nyama imeiva sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, au haikuiva sawasawa. Watazamaji walimlalamikia kuwa mkali kupita kiasi, kisha wakaanza kuyarudia maneno yake kwenye meza zao wenyewe.

Yote haya yanatuhusu. Mashindano haya tunayatazama kwenye ving'amuzi na simu, na vituo vyetu kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi vimekuwa vikijaribu vipindi vya upishi vya kwao. Mwezi wa Ramadhani peke yake una vipindi vya mapishi kila jioni. Na nimekaa mbele ya vingi. Mtangazaji anachukua kijiko, anafumba macho, anatikisa kichwa, anasema: "Mmh, tamu sana!" Mshiriki wa pili: tamu sana. Wa tatu: tamu sana, hongera. Watazamaji wanalalamika kuhusu gauni lake na Kiingereza chake kilichochanganywa, na mimi natamani walalamike kuhusu kijiko. Wali ule umechambuka au umevia? Tui limekatika? Mchuzi ni chapwa, au umezidi ugwadu wa ndimu? Mama zetu wanasema haya yote kwa tonge moja la kwanza, wala hawajawahi kulipwa na kituo chochote.

Tena tusijione sisi ndio Wamalaysia wa kisa kile siku zote. Tunaweza kuwa Wallace vilevile. Chukua majani ya muhogo. Tanga na Zanzibar kisamvu huungwa kwa tui la nazi, na wengine wakaweka karanga. Bukavu na Goma watu wanaita sombe, wanapika kwa mafuta ya mawese, mara nyingi na samaki. Rwanda na Burundi ni isombe, imetwangwa mpaka ikalainika kabisa. Jani ni lilelile, lakini ni vyakula tofauti vyenye akili tofauti. Sasa mweke mshiriki kutoka Bukavu mbele ya jaji aliyezaliwa Tanga, ambaye tangu utotoni anajua majani ya muhogo bila nazi hayajaungwa. Jaji akionja akasema, "Nazi iko wapi?" basi amerudia kosa la ngozi ya kuku neno kwa neno, na mtazamaji wa Kivu atakuwa na haki ile ile ya kuzima televisheni.

Au mtori. Kwa Mchagga, ndizi zilizopondwa na nyama ya mfupa ni chakula cha mzazi, cha mgonjwa na cha mgeni wa heshima, na uzito wake una kipimo ambacho mtu wa Marangu anakijua kwa kuangalia mwiko ukiinuliwa. Mtu wa Pwani aliyezoea ndizi za nazi anaweza kuuita uji. Na pilau je? Mpishi wa Mombasa anaipata rangi yake kwa vitunguu vilivyokaangwa taratibu mpaka vikawa vya kahawia iliyoiva, kisha bizari nyembamba, iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Bara wengi wameizoea yenye nyanya na viungo vya pakiti. Nina upande wangu katika ugomvi huo na siuachi. Lakini kama ningekuwa jaji ningemuuliza kwanza mshiriki alijifunzia wapi pilau yake, nikampima kwa lengo lake mwenyewe, ndipo nikasema ladha ipi imenishinda.

Watayarishaji watanijibu kwamba mtangazaji mwenye wafuasi wengi ndiye anayeleta wadhamini, na bila wadhamini hakuna jiko, hakuna kamera. Sawa. Wamwajiri. Wampe kazi ya Kaga, ya shangwe, na kazi ya Mel na Sue, ya kumfunika koti anayelia. Hizo ni kazi kubwa na si kila mwenye jina anaziweza. Kijiko wampe mtu mwingine. Wiki ya sombe aje mama mwenye kibanda cha chakula Bukavu au Uvira akae pale katikati ya majaji, alipiwe nauli kama anavyolipiwa msanii, na aulizwe yeye kwanza.

Na watazamaji nao waendelee kusema. Kila mara nasikia wakiambiwa wapunguze makali, kwamba ni kipindi tu. Walioandika kuhusu taco walibadilisha utaratibu wa kipindi kikubwa cha Uingereza ndani ya mwaka mmoja. Walioandika kuhusu Paul Hollywood kuwapa mkono wa pongezi washiriki wengi mno katika msimu wa 2018 walikuwa na hoja ya kweli: mkono ule ulikuwa kipimo chao pekee cha ladha wasioweza kuionja, na kipimo kikigawiwa ovyo hakipimi tena. Hapa kwetu lalamiko kama hilo likija, la mtu anayesema "hapana, kwetu hakipikwi hivyo", mtayarishaji asikimbilie kumjibu kwamba apike yeye. Ampigie simu. Huenda amempata jaji wa msimu ujao.